Sajili na Majeraha: Historia ya Ajali na Fidia katika Taita-Taveta

Taita-Taveta ni kaunti yenye ukubwa wa kilomita za mraba 17,084, iliyo kati ya pwani ya Kenya na mpaka wa Tanzania, na kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na wakazi 340,671. Zaidi ya asilimia 60 ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, hivyo watu wamebanana katika vilima vya Dawida, Sagalla na Kasigau, katika bonde la Taveta na kandokando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Katika eneo hilo lililobaki ndimo yalimo pia mashamba makubwa ya mkonge, machimbo ya vito, reli ya zamani na ile mpya, pamoja na mapito ya tembo wanaovuka kutoka mbuga moja kwenda nyingine. Mkazi wa huku huweza kuumizwa na mashine, na gari, na mnyama au na shimo lililoporomoka, na kila mojawapo ya hatari hizo ina historia yake na sheria yake. Zikisomwa pamoja, historia hizo zinaonyesha jambo ambalo vitabu vya sheria huligusia kwa kupita tu: tangu reli ilipoingia, kilichoamua kama majeruhi atalipwa hakikuwa uzito wa jeraha lake pekee, bali pia kama jina lake lilikuwa limeandikwa mahali fulani kabla hajaumia.

Kabla ya reli, Wadawida hawakuitenga ajali na misiba mingine ya maisha. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti wake vilimani mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwa kina jinsi maradhi, vifo na mikosi ya nyumbani ilivyochukuliwa kuwa huenda imetokana na hasira iliyofichika moyoni mwa jamaa, jirani au mzimu, na jinsi mpiga ramli alivyotafuta hasira hiyo imetoka wapi. Tiba yake kuu ilikuwa kutasa, yaani ibada ambayo mwenye hasira hupiga funda la kinywaji, akalitema kwa kulinyunyiza, huku akitamka maneno ya kuiacha hasira na kumtakia mwenzake heri. Waswahili waliopitisha misafara yao chini ya vilima hivyo walikuwa na utaratibu mwingine uliotokana na sheria ya Kiislamu, ule wa diya, ambao ni malipo yatolewayo na upande wa aliyeua au kujeruhi bila kukusudia kwa jamaa wa aliyedhurika. Taratibu hizi mbili hazikuwa bila dosari, na ile ya kwanza iliweza kabisa kumtwika lawama mtu asiyehusika. Lakini zote zilianzia kwenye ukoo, na kwa kuwa kila mtu alikuwa na ukoo, hakuna majeruhi aliyeachwa nje kwa sababu ya kukosa maandishi.

Reli ya Uganda, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilileta namna mpya ya kuumia na namna mpya ya kuhesabu walioumia. Vibarua takriban 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba ya maandishi iliyosimamiwa chini ya sheria za uhamiaji za Serikali ya India, na kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mkataba, inajulikana leo kwamba karibu 2,500 kati yao walifariki na wengine 6,500 hivi walirudishwa kwao kwa maradhi au ulemavu. Takwimu hizo zimenukuliwa mara nyingi kama gharama ya reli kwa uhai wa binadamu, nazo ni za kusikitisha; hata hivyo ni hesabu ya wale tu waliokuwa na karatasi. Waafrika waliofyeka njia, waliobeba maji na waliochimba tuta katika nyika kavu ya Taru na Tsavo hawakuwekewa sajili ya namna hiyo.

Jambo hilo linaonekana wazi katika kisa cha simba wa Tsavo, ambacho kinajulikana duniani kote na ambacho kwa hakika ni kisa cha ajali kazini. Mwaka 1898, vibarua walipokuwa wakijenga daraja la mto Tsavo chini ya mhandisi J. H. Patterson, simba wawili madume waliingia mahemani usiku kwa miezi kadhaa na kuwatoa watu mmoja mmoja, hadi Patterson alipowaua wote wawili mwezi Desemba. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1907, Patterson alitaja Wahindi 28 waliouawa, kisha akaongeza kwamba Waafrika wengi pia waliliwa, ila kwao haikuwekwa kumbukumbu yoyote rasmi. Ngozi na mafuvu ya simba hao yamehifadhiwa tangu miaka ya 1920 katika jumba la makumbusho la Field, Chicago, na wanasayansi wamepima nywele na mifupa yao ili kukadiria walikula watu wangapi. Ni jambo zito kwamba idadi ya Waafrika waliokufa kambini Tsavo imelazimika kutafutwa katika mifupa ya mnyama aliyewala, kwa kuwa haikuandikwa na serikali iliyowaajiri.

Sheria nayo iliwapita kwa karibu sana. Nchini Uingereza, tangu kesi ya Priestley dhidi ya Fowler ya mwaka 1837, ambamo kijana wa duka la nyama aliyevunjika paja baada ya gari lililopakiwa kupita kiasi kuanguka alinyimwa fidia dhidi ya tajiri wake, mahakama zilijenga kanuni kwamba mtu anayeingia kazini amekubali pia hatari ya kuumizwa na uzembe wa wafanyakazi wenzake. Kanuni hiyo ilipunguzwa makali mwaka 1880, kisha Bunge la huko likapitisha mwezi Agosti 1897 sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ambayo iliweka msingi mpya kabisa: mfanyakazi wa reli, kiwanda au mgodi aliyeumia kazini alistahili malipo bila kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya kosa. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1898. Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inataja hadi leo kwamba sheria za jumla za Uingereza zinazopokewa nchini ni zile zilizokuwa zikitumika huko tarehe 12 Agosti 1897. Kwa hiyo sheria ambayo ilikuwa imeshaidhinishwa lakini haijaanza kazi ilibaki ng'ambo ya mpaka huo wa tarehe, na kilichopokewa Kenya ni ile kanuni ya zamani iliyomtaka majeruhi athibitishe uzembe wa tajiri mbele ya hakimu. Mfanyakazi Mwafrika wa miaka hiyo hakuwa na lugha ya mahakama, wala ada, wala wakili wa kumwezesha kuthibitisha hivyo.

Badala ya sheria ya fidia, serikali ya kikoloni ilianza na sheria ya nidhamu. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906, iliyokazwa mwaka 1910, ilifanya kutoroka kazini au kukataa amri kuwa kosa la jinai, na sheria ya usajili wa Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikamvalisha kila mwanamume mtu mzima kipande, yaani cheti cha utambulisho kilichowekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuonyesha amefanya kazi kwa nani na kama ameruhusiwa kuondoka. Jina lake sasa liliandikwa, ila kwa faida ya anayemtafuta aliyetoroka. Kipande kilijua tarehe ambayo mtu aliacha kazi. Hakikujua aliiacha kwa sababu mkono wake ulikatika.

Na mikono ilikatika. Mashamba ya mkonge, au katani kama wengi wanavyouita, yalienea Voi, Mwatate na Taveta katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na shamba la Mwatate hadi leo hutajwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Kazi ya mkonge ina hatari tangu shambani, kwa kuwa jani lake huishia kwenye mwiba mgumu mweusi ulio karibu na usawa wa macho ya mkataji anapoinama, na utomvu wake huwasha na kuchubua ngozi ya miguu na mikono. Hatari kubwa zaidi imo kiwandani, kwenye mashine ya kusinga iliyojulikana na wafanyakazi wa mashamba ya Afrika Mashariki kwa jina la korona. Majani hupangwa kwenye ukanda unaosogea, yakabanwa katikati kwa minyororo au kamba nene, kisha yakapitishwa mbele ya ngoma kubwa inayozunguka kwa kasi, yenye mabamba butu yanayoponda nyama ya jani na kuacha singa. Mpangaji majani husimama kwa saa nyingi sakafu ikiwa imelowa na kuteleza. Mkono ukitangulia pamoja na majani hadi mahali pa kubanwa, ukanda haumsubiri autoe. Baada ya hapo kuna chumba cha brashi, ambamo singa kavu husuguliwa na vumbi lake huingia mapafuni, na kuna pia reli ndogo za kusafirishia majani, ambazo mabehewa yake yalipinduka mara kwa mara kwenye kona.

Hata katika nchi zenye viwanda, wafanyakazi wa mashamba mara nyingi waliachwa nyuma. Sheria ya Uingereza ya 1897 haikuwagusa hadi iliporekebishwa mwaka 1900, na Shirika la Kazi Duniani lililazimika kutunga mkataba wa pekee mwaka 1921 ili fidia ya ajali ienezwe hadi kwa wakulima wa ujira, kabla ya mkataba wake wa jumla wa mwaka 1925. Kenya ilipata sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi katika miaka ya mwisho ya 1940, na kanuni za usalama wa viwandani zikafuata mwaka 1951. Sheria hiyo ya fidia iliingiza kanuni ile ya Uingereza kwamba kosa halihitaji kuthibitishwa, ikaweka jedwali linaloeleza kila kiungo kilichopotea ni asilimia ngapi ya uwezo wa mtu kufanya kazi, na ikamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali kwa afisa wa kazi. Ilikuwa hatua kubwa na inastahili kuheshimiwa hivyo. Lakini jedwali lilizidisha asilimia kwa mshahara, na mshahara wa shambani ulikuwa mdogo kiasi kwamba hata mkono mzima ulipata malipo haba; isitoshe, kibarua wa siku ambaye ajira yake haikuhusu biashara ya mwajiri, na ndugu wa familia anayeishi nyumbani kwa mwajiri, waliachwa nje. Hata yule aliyekuwa ndani ya sheria alitegemea taarifa iandikwe na mtu ambaye ndiye angelipa.

Historia ya wanyama inafuata mkondo wa pekee. Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa tarehe 1 Aprili 1948, ardhi zaidi ya kilomita za mraba 20,000 ilifungwa, na Wawaata, wawindaji hodari wa upinde ambao riziki yao ilikuwa tembo, walisakwa na kufungwa katika kampeni ya kupambana na ujangili ya katikati ya miaka ya 1950. Wakulima wa vijiji vya pembeni nao walikuta kwamba mnyama aliyekuwa zamani adui wa kufukuzwa kwa mkuki sasa ni mali ya serikali, na anayemuua bila idhini ana kesi ya kujibu. Haki ya kujilinda ilipobanwa namna hiyo, deni la mwenye mnyama kwa aliyedhuriwa lilikuwa dhahiri, ila lilichukua miaka mingi kuandikwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1976 iliruhusu fidia kwa vifo, majeraha na uharibifu wa mazao, lakini mwaka 1989, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipoundwa, malipo ya mazao yaliondolewa, na familia ya mtu aliyeuawa ikabaki na kiwango kidogo, ambacho kufikia mwaka 2013 kilikuwa shilingi 200,000.

Sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilipandisha kiwango hicho hadi shilingi milioni 5 kwa kifo, ikaweka milioni 3 kwa jeraha linaloleta ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine kulingana na ukubwa wake. Ikarudisha pia fidia ya mazao na mifugo, kwa sharti kwamba mdai awe amechukua hatua za kutosha kulinda mali yake. Madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti, kisha kwa waziri, na malipo hutoka katika fedha zinazoidhinishwa na Bunge. Hapo ndipo safari ya mjane wa Sagalla au Mwatate inapokuwa ndefu. Anatakiwa awe na nambari ya tukio katika kitabu cha polisi, ripoti ya uchunguzi wa maiti, ripoti ya afisa wa wanyamapori aliyefika mahali pa tukio, barua ya chifu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Na baada ya kuvikusanya vyote na kamati kuridhika, husubiri bajeti, ambayo kwa madai mengi imechelewa kwa miaka. Kiwango cha milioni 5 ni cha haki, na waliokipigania walifanya kazi njema. Lakini ahadi isiyotengewa fedha humfanya mfiwa kuwa mdai wa serikali yake mwenyewe.

Barabarani, karatasi inayotafutwa ni bima. Uingereza ililazimisha bima ya mtu wa tatu, yaani ile inayomlinda anayegongwa na si mwenye gari, kwa sheria ya mwaka 1930, na Kenya ikafuata katika miaka ya 1940 kwa sheria ambayo sasa ni Sura ya 405. Chini yake, majeruhi akishamshinda mwenye gari mahakamani, kampuni ya bima hulazimika kulipa hukumu hiyo, mradi iwe ilipewa taarifa ya kesi katika muda uliowekwa. Na kesi yenyewe, kwa kuwa ni ya madhara yatokanayo na uzembe, sharti ifunguliwe ndani ya miaka 3. Kuna kifungu kimoja ambacho katika kaunti ya malori kina uzito wa pekee. Bima ya lazima haiwahusu abiria wote, bali wale waliobebwa kwa nauli au kwa sababu ya ajira yao. Mwanamke anayepewa lifti ya bure juu ya lori pamoja na magunia yake kutoka Maungu hadi Voi yuko nje ya ulinzi huo, ilhali aliyelipa shilingi chache yuko ndani, ingawa wote wawili wameketi juu ya gunia moja.

Matatu zilikua kwa njia ya kinyume, yaani kwa kuondolewa karatasi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni za usafiri, na zikafika vijiji ambavyo basi halikuvifikia. Mpaka sheria ya mwaka 1984, usimamizi wake ulikuwa hafifu, na kanuni za Waziri John Michuki za kudhibiti mwendo hadi kilomita 80 kwa saa na kufunga mikanda zilianza kutekelezwa Februari 2004. Baadaye, pikipiki ndogo ziliposamehewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, bodaboda zikapanda hadi njia za Wundanyi na Mgange. Abiria wake anapovunjika mguu, swali la kwanza la wakili ni kama bima ya pikipiki ilikuwa hai siku hiyo, na mara nyingi jibu ni kwamba iliisha mwezi uliopita.

Msaada wa kisheria ulichelewa kuliko yote hayo. Katika mabaraza ya kienyeji ya enzi ya ukoloni mawakili hawakuruhusiwa kusimama, na baada ya uhuru, wakili aliyelipwa na serikali alipatikana kimsingi kwa anayeshtakiwa kwa mauaji; aliyeuawa ndugu yake na gari hakuwa na fungu. Kanuni za mashauri ya madai zilimruhusu maskini kufungua kesi bila ada, lakini kwa kuorodhesha kwanza mbele ya mahakama mali yote aliyonayo na thamani yake. Mahakama Kuu ilikuwa Mombasa, umbali wa zaidi ya kilomita 250 kutoka Taveta, hadi ilipofunguliwa ya Voi. Pengo hilo liliwavuta madalali wa kesi, watu wanaozunguka wodini na vituoni kukusanya fomu za P3, ambazo ndizo polisi huzitoa ili daktari ajaze majeraha, na kuzipeleka kwa mawakili wa mjini kwa malipo. Sheria ya Mawakili inakataza udalali huo, na haitambui mapatano ya wakili kuchukua sehemu ya fidia, lakini majeruhi asiye na nauli ya kufika Voi hana namna ya kujua hayo. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, kilianza kuziba pengo kwa kujitolea. Katiba ya 2010, kifungu cha 48, ikaifanya njia ya kuifikia haki kuwa wajibu wa serikali. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu waliopata mafunzo bila kuwa mawakili, ambao wangeweza kukaa Kasigau au Mwatate na kumwambia mtu ni karatasi ipi aitafute wiki ya kwanza.

Kwa walioumia kazini, mlango umebadilika zaidi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 iliweka fidia ya kifo na ya ulemavu kamili kuwa mapato ya miezi 96, ikamtaka mwajiri awe na bima, na kuyaondoa madai mahakamani ili yaamuliwe na Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mawakili waliipinga, Mahakama Kuu ikafuta vifungu vyake kadhaa mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikavirejesha karibu vyote mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Upeo ikathibitisha kwamba mfanyakazi aanzie kwa Mkurugenzi. Kwa mpangaji majani wa kiwanda cha mkonge aliye kwenye orodha ya mishahara, njia hiyo ni fupi na nafuu kuliko ile ya zamani.

Kwa mchimba vito hali ni tofauti. Tsavoriti, jiwe la kijani lililogunduliwa Taita mwaka 1971 na mwanajiolojia Campbell Bridges, limevuta wachimbaji wadogo kwa miongo kadhaa katika ardhi ya Kasigau, Mkuki na Kamtonga, na Sheria ya Madini ya 2016 ndiyo ya kwanza kuwapa nafasi ya kibali, baada ya sheria ya mwaka 1940 iliyowaona kama wavamizi. Kwa kawaida mwenye shimo hutoa chakula na zana, wachimbaji hutoa nguvu zao, na jiwe likipatikana bei yake hugawanywa. Hakuna mshahara wa mwezi wala orodha ya wafanyakazi. Shimo likiporomoka, fomu ya Mkurugenzi huuliza jina la mwajiri, tarehe ya kuajiriwa na mapato ya kila mwezi, na familia ya marehemu haina la kuandika katika nafasi hizo tatu. Njia iliyobaki ni kumshtaki mwenye shimo kwa uzembe, ndani ya miaka 3, kwa ushahidi wa watu waliokuwa chini pamoja na aliyekufa, yaani mzigo uleule wa uthibitisho ambao sheria ya fidia ilikusudia kumwondolea mfanyakazi.